Mwizi Aliyepewa Jembe

(Mazungumzo ya ibada ya redio, yamechapishwa kama yalivyosomwa)

Mwenye Biblia karibu na afungue Waraka kwa Waefeso, mlango wa 4, mstari wa 28. Asiye nayo asihangaike, nitamweleza. Mtume Paulo anasema hapo juu ya mwizi. Anamwagiza aache kuiba, lakini haishii hapo. Anamtaka mtu huyo afanye kazi njema kwa mikono yake mwenyewe, hata awe na kitu cha kumgawia mwenye shida.

Mstari huo nimeuhubiri mara nyingi, na kila mara niliona nimeuhubiri vizuri. Jumapili moja, baada ya ibada, alinifuata kijana mmoja aliyekuwa ametoka gerezani miezi michache kabla ya siku ile. Alikuwa amefungwa kwa kuiba mabati ya jirani yake. Akaniambia kwa adabu, "Mchungaji, neno nimelisikia. Mikono ninayo, ndiyo hii miwili. Lakini jembe ni la nani? Na shamba ni la nani?" Sikuwa na jibu. Nilimwambia tutaliombea jambo hilo, naye akashukuru akaenda zake. Ninyi mnajua maana ya mchungaji kusema "tutaliombea" huku akitafuta ufunguo wa mlango wa kanisa.

Nitarudi kwa kijana huyo. Kwanza nataka niwasimulie habari za mwizi mwingine, wa nchi ya mbali na wa siku nyingi zilizopita, ambaye aliuliza swali hilohilo na akapata jibu. Jina lake aliitwa James Ruse.

Alizaliwa katika jimbo la Cornwall, kusini-magharibi ya Uingereza, karibu na mji wa Launceston, mnamo mwaka 1759 au 1760. Alilelewa katika kazi ya shamba. Mwaka 1782, akiwa kijana wa miaka ishirini na kitu, alishtakiwa mjini Bodmin kwa kuvunja nyumba na kuiba saa mbili za fedha, thamani yake pauni 5. Hukumu ilikuwa kifo. Msishangae, kwa maana sheria za Uingereza siku zile zilimnyonga mtu kwa makosa mengi ambayo leo yangempa kifungo cha miezi kadhaa. Lakini mara nyingi mahakimu walibadili hukumu ya kifo kuwa kuhamishwa ng'ambo ya bahari, na ndivyo ilivyokuwa kwa Ruse. Alipewa miaka saba ya uhamisho.

Ahamishiwe wapi? Hapa wasikilizaji wa kwetu tegeni sikio. Hukumu yake ilitaja Afrika. Zamani Waingereza walikuwa wakiwapeleka wafungwa wao Marekani, lakini vita vya Wamarekani kujitafutia uhuru, vilivyoanza mwaka 1775, viliufunga mlango huo. Basi wakafikiria pwani ya Afrika Magharibi. Wafungwa waliopelekwa kwenye ngome zao za huko katika miaka hiyo wengi walikufa, na shauri lile likaachwa. Nilipolisoma jambo hili mara ya kwanza nilikaa kimya kidogo. Katika hesabu za wakubwa wale, bara letu lilikuwa mahali pa kutupia watu waliowachosha.

Hivyo Ruse hakufika Afrika kama alivyohukumiwa. Alikaa miaka kadhaa kifungoni, na sehemu ya miaka hiyo aliimaliza ndani ya meli kuukuu iitwayo Dunkirk, iliyofungwa nanga katika bandari ya Plymouth na kufanywa gereza, kwa sababu magereza ya nchi kavu yalikuwa yamejaa. Halafu serikali ikaamua kuanzisha koloni mpya upande wa pili wa dunia, katika nchi tunayoiita leo Australia. Tarehe 13 Mei 1787 meli 11 ziling'oa nanga Portsmouth, zimebeba wafungwa zaidi ya 700, wanaume na wanawake, pamoja na askari na mabaharia. Ruse alikuwa katika meli iitwayo Scarborough. Walipita Tenerife, wakapita Rio de Janeiro, wakasimama Rasi ya Tumaini Jema kununua mbegu na mifugo. Kwa hiyo Afrika aliiona hata hivyo, angalau milima yake. Mwezi wa Januari 1788 walifika, na tarehe 26 ya mwezi huo bendera ya Uingereza ikapandishwa katika ghuba ya Sydney.

Waliokuja kujenga nchi mpya walikuwa wengi wao wezi wa mijini. Watu waliojua kilimo walihesabika kwa vidole. Udongo wa pale Sydney ulikuwa wa mchanga, na mbegu nyingi zilikuwa zimeharibika njiani. Ngano ya kwanza waliyopanda haikuwafaa kitu. Chakula kilitoka ghalani, na ghala lilitegemea meli kutoka Uingereza. Meli moja ya kuwaletea vyakula, iitwayo Guardian, iligonga mlima wa barafu Desemba 1789. Machi 1790 meli yao kubwa, Sirius, ikavunjika kwenye miamba ya kisiwa cha Norfolk. Hapo njaa ikawa si neno la kutishia watoto tena. Ilipofika Aprili, posho ya juma zima kwa mtu mmoja ilikuwa ratili mbili na nusu za unga, ratili mbili za nyama ya nguruwe ya chumvi, na ratili mbili za mchele.

Gavana wao alikuwa Arthur Phillip, mtu wa jeshi la majini. Sitaki kumfanya mtakatifu, na mtaona sababu yake baadaye. Lakini katika njaa ile alifanya jambo ambalo kila kiongozi, wa serikali na wa kanisa, angepaswa kulisikia. Alikuwa na unga wake mwenyewe, mali yake binafsi, zaidi ya ratili mia tatu. Aliutoa wote ukaingia katika ghala la watu wote. Akaagiza meza yake isiwe na kitu zaidi ya posho anayopewa mfungwa, ili mfungwa atakayenung'unika aone kwamba njaa imefika hata nyumbani kwa gavana. Wakubwa walioalikwa kula kwake walikuja na mkate wao mfukoni. Nadhani katika mitaa yetu mwaliko wa namna hiyo ungepata watu wachache.

Basi katika mwaka 1789, kabla njaa haijafika kilele, James Ruse alikwenda kwa gavana huyu akasema miaka yake saba imekwisha, naye anataka ardhi alime.

Palikuwa na shida. Karatasi zenye kuonyesha kila mfungwa alihukumiwa lini na kwa muda gani hazikuletwa. Zilibaki Uingereza. Ruse alikuwa na neno lake tu, na neno la mwizi tunajua linavyopimwa. Gavana angeweza kumwambia angojee karatasi. Mtu yeyote wa ofisi angemwelewa. Lakini Novemba 1789 alimruhusu akae kwenye kipande cha ardhi huko Rose Hill, mahali palipokuja kuitwa Parramatta, safari ya maili kama 15 kutoka Sydney. Alisaidiwa kufyeka ekari moja na nusu. Akajengewa kibanda. Akapewa zana za kulimia, mbegu, nguruwe na kuku, na posho yake ikaendelea kutoka ghalani mpaka aweze kujilisha. Gavana alisema wazi anataka kujua itamchukua mtu muda gani hata asimame kwa miguu yake. Ndiyo maana mahali pale panaitwa Experiment Farm, yaani shamba la majaribio, hata leo.

Hapo ndipo nilipomkumbuka kijana wangu. Angalieni kwamba Ruse hakupewa maneno matupu ya kumtia moyo. Alipewa jembe. Alipewa mbegu. Alipewa chakula cha kumfikisha kwenye mavuno, na wakulima mnaonisikia mnajua kwamba mtu hawezi kula shamba lililochanua.

Akalimaje? Hilo tunalijua, kwa sababu Novemba 1790 afisa mmoja wa askari wa majini, Watkin Tench, alipita pale akamwuliza, kisha akayaandika majibu yake. Napenda sana kuyasoma. Ni maneno ya mkulima hasa, hayana mapambo.

Alieleza kwamba alichoma miti iliyoangushwa, akachimbia majivu ardhini, kisha akalima kwa jembe la mkono. Kwa siku hakuzidi kipande kidogo, kwa vipimo vyetu kama meta 14 kwa 14. Ukipiga hesabu utaona ekari moja ilimla siku 20. Lakini alijivunia kwamba shamba lake halikukwaruzwa juu juu kama lile la serikali, ila lililimwa kweli. Akavunja mabonge, akafukia majani na magugu yaoze. Akauacha udongo upigwe na jua na hewa kwa muda mrefu alioweza. Alipokaribia kupanda aliugeuza wote upya. Ngano aliipanda nyingine mwezi wa Mei na nyingine Juni, akaona ile ya Mei imestawi zaidi, maana huko majira yao yamepinduka na hiyo ndiyo miezi ya baridi. Mahindi aliyapanda nusu ekari mwishoni mwa Agosti na mwanzoni mwa Septemba, akakiri kwamba hayajui, kwa kuwa kwao Cornwall hayakulimwa. Mabua ya ngano alikusudia kuyazika mashimoni pamoja na kila kitu kinachooza, apate mbolea. Juu ya udongo wake alisema ni wa katikati, si mzuri si mbaya. Kwa mbolea utafaa, lakini pasipo ng'ombe utachoka.

Akaongeza mambo mawili. Kwanza, kwamba hana msaidizi ila mke wake, mwanamke mchapa kazi. Huyo alikuwa Elizabeth Perry, naye mfungwa, aliyefika Juni 1790 kwa meli iitwayo Lady Juliana. Walioana tarehe 5 Septemba mwaka huohuo. Kasisi katika koloni nzima alikuwa mmoja tu, Richard Johnson wa Kanisa la Uingereza, ambaye naye alilima kwa mikono yake, na wenzake walimsifu kwa kilimo kuliko kwa mahubiri. Sisi makasisi tulicheke hilo kwa unyenyekevu.

Jambo la pili lilinifanya niiweke kalamu chini. Ruse alisema tatizo lake kubwa kupita yote ni wizi. Wafungwa wenzake walimwibia shambani karibu kila usiku, hata akeshe namna gani. Mwizi wa saa mbili za fedha sasa alikuwa amelala macho kwa ajili ya mahindi yake!

Februari 1791, yaani baada ya miezi kumi na mitano, James Ruse alikwenda kwa wakubwa akasema hahitaji tena posho. Kabla mwaka huo haujaisha mke wake naye akatoka katika orodha ya ghala. Kwa hiyo gavana alipata jibu lake. Ruse akapewa ekari 30 ziwe zake, na hati yake ya ardhi ndiyo ya kwanza kutolewa katika koloni ile.

Ningeweza kuishia hapo, na ingekuwa hadithi tamu ya ibada. Nimewahi kuisikia ikisimuliwa hivyo. Mwizi amesamehewa, amepewa jembe, amekuwa mtu. Haleluya, tuimbe. Lakini nilipokuwa nikiandaa mazungumzo haya neno moja lilinisumbua, nalo ni lile neno "akapewa". Akapewa ardhi na nani?

Jina Parramatta si la Kiingereza. Limetokana na watu wa mahali pale, ukoo wa Burramattagal wa taifa la Darug, na watu hueleza kwamba maana yake ni mahali pa samaki aina ya mikunga. Mto ule ulikuwa wao, na mikunga yake, na miti yake ambayo Ruse aliichoma akapata majivu. Hakuna mtu aliyewauliza. Katika Aprili 1789, miezi michache tu kabla ya Ruse kupewa shamba, ugonjwa wa ndui uliwaangukia wenyeji wa nchi ile. Mmoja wao, Bennelong, alimweleza gavana kwamba nusu ya watu wake wamekufa. Maiti zilionekana ufuoni na mapangoni. Kwa hiyo shamba la kwanza lilifunguliwa katika nchi iliyokuwa kwenye matanga.

Sisi wa nchi hii hatuhitaji kufundishwa somo hili kwa kirefu. Wazee wetu walisomewa sheria ya ardhi ya mwaka 1915, ikawaambia kwamba mashamba waliyozikia baba zao ni ya Mfalme, na wao ni wapangaji kwa hiari yake. Lakini nawaomba tusitumie jambo hilo kuwanyoshea wengine kidole kwa haraka. Nitawaonyesha sababu.

Mwaka 1793 Ruse aliuza shamba lake kwa daktari mmoja, John Harris, kwa pauni 40. Mwaka uliofuata alikuwa miongoni mwa walowezi wa kwanza 22 kando ya mto mkubwa ambao Waingereza waliuita Hawkesbury na wenyeji wakauita Deerubbin. Udongo wa huko ulikuwa mweusi, mnono, si ule wa katikati. Lakini kingo za mto huo ndizo zilizokuwa na viazi vikuu vya mwitu ambavyo wenyeji walichimba kwa chakula. Walowezi waling'oa viazi, wakapanda mahindi. Mahindi yalipokomaa, wenyeji walikuja kuchukua chakula pale walipozoea kupata chakula. Wakaitwa wezi. Mwaka 1795 askari walitumwa, nao wakaua usiku mmoja kama watu saba au wanane.

Mnaona jinsi mambo yalivyogeuka? Mtu aliyehukumiwa kifo kwa kuiba alipewa shamba. Mwenye nchi alipigwa risasi kwa kuchukua mahindi yaliyoota juu ya viazi vyake. Sisemi kwamba Ruse ndiye aliyefyatua bunduki. Nasema tu kwamba shamba lake lilikuwa miongoni mwa mashamba hayo.

Tena mwaka 1799 walowezi watano wa Hawkesbury walionekana na hatia ya kuwaua vijana wawili wenyeji. Mahakama haikupatana juu ya adhabu, shauri likapelekwa London, na mwisho wote wakasamehewa. Msamaha tena! Nchi ile haikupungukiwa na msamaha. Ulitolewa kwa wingi, lakini aliyelipa gharama yake hakuwa yule aliyeutoa.

Hapo namrudia gavana Phillip na mikono yake miwili. Kwa mkono mmoja alitoa unga wake mwenyewe, akala kidogo ili mfungwa ale. Kwa mkono mwingine akatoa ardhi ambayo haikuwa yake. Alikuwa mtu yuleyule, katika miaka ileile, na naamini kwa moyo uleule wa kutaka kutenda mema. Linganisheni na Mtume Paulo katika Waraka kwa Filemoni. Paulo anamwombea Onesimo, mtumwa aliyekimbia, ambaye labda alimwibia bwana wake. Hamwambii Filemoni asahau tu. Katika mstari wa 18 anasema ikiwa Onesimo amemdhulumu kitu, deni hilo liandikwe juu ya Paulo. Naye wakati huo alikuwa amefungwa, sijui alitegemea kulipa kwa fedha gani. Lakini alijua jina la nani liandikwe kwenye daftari.

Ilichukua karne mbili kabla ya nchi ile kukubali kwamba daftari lilikuwa na kasoro. Mwaka 1992, katika kesi ijulikanayo kwa jina la Mabo, Mahakama Kuu ya Australia ilikataa fikira kwamba nchi ile haikuwa na wenyewe Waingereza walipofika. Watu wengi wa Burramattagal walikuwa wamelala makaburini zamani sana.

Na Ruse mwenyewe? Maisha yake hayakupanda tu kama ngazi. Mto Hawkesbury ulifurika mara kwa mara, akaingia madeni, akaweka shamba rehani. Alipewa ardhi tena mahali pengine na tena mahali pengine. Mwaka 1828, akiwa mzee, alikuwa msimamizi wa kazi katika shamba la mtu mwingine. Mwaka 1836 mke wake Elizabeth alifariki, na mwaka huo Ruse akapokewa katika Kanisa Katoliki. Ndugu zangu Waanglikana msikunje uso, mzee alikuwa akitafuta amani na Mungu wake. Alikufa tarehe 5 Septemba 1837, siku ileile waliyooana na Elizabeth miaka 47 nyuma, akazikwa Campbelltown. Maneno ya jiwe la kaburi lake husemwa kwamba alianza kuyachonga mwenyewe, na tahajia yake imekosewa karibu katika kila mstari. Anamshukuru mama yake kwa malezi, anasema yeye ndiye aliyepanda nafaka ya kwanza katika koloni, na anatumaini kukaa na Baba yake wa mbinguni. Hiyo nafaka ya kwanza si kweli kabisa, maana shamba la serikali lilipanda kabla yake. Lakini mzee aliyelima ekari moja kwa siku 20 mwachieni jivuno lake.

Sasa nirudi kwa kijana wa mabati. Nililipeleka swali lake kwenye baraza la kanisa. Wazee walinisikiliza vizuri. Mmoja akasema, "Mchungaji, kanisa lina ardhi. Kile kipande cha chini karibu na kijito, apewe kijana alime." Wote wakaitikia. Nami nakiri mbele yenu kwamba niliona ni neno jema sana, nikataka tuandike na kufunga kikao kwa sala.

Mwandishi wetu, mama mmoja asiyesema sana, akaweka kalamu chini akauliza, "Na mama anayelima pale?"

Palikuwa na mjane. Alikuwa akilima kipande kile kwa miaka mingi, mboga zake ndizo zilizosomesha watoto. Hakuwa na karatasi. Hakuwa katika baraza. Hakuna hata mmoja wetu aliyemkumbuka, na mimi ndiye niliyemzika mume wake. Tulikuwa tayari kumrudisha mwizi mmoja katika jamii kwa shamba la mjane, tena kwa maombi na shangwe.

Kikao kilikuwa kirefu. Sitaeleza yote. Mwisho ilionekana kwamba ardhi ya kanisa isiyolimwa na mtu mwingine ni ile iliyo nyuma ya nyumba ya mchungaji, ambako nimepanda nyasi za ng'ombe wangu. Wazee walitazama chini. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kulisema, kwa hiyo nililisema mimi, na siwezi kusema nililisema kwa furaha. Ng'ombe sasa anakula nyasi za kununua. Mzee mmoja alitoa jembe, mwingine akatoa mbegu za viazi, na Chama cha Akina Mama kikatoa unga wa miezi mitatu. Mbolea anaichukua kwenye boma langu, maana yule mzee wa Cornwall alisema kweli juu ya ng'ombe.

Jirani aliyeibiwa mabati bado hajamsalimia. Kijana amemlipa mabati mawili, na bado manne.

Juma lililopita kijana alikuja nyumbani asubuhi na mapema, amekasirika, matope mpaka magotini. Usiku watu wameingia shambani wakachimba safu mbili nzima za viazi. Alitaka nimwambie chifu, alitaka polisi, alitaka mbwa. Nilimpa chai, nikamsimulia habari za James Ruse na wezi wake wa kila usiku. Alinyamaza kidogo, kikombe mkononi, halafu akaanza kucheka hata chai ikamwagika. "Kumbe hata yeye, Mchungaji!" akasema. Kisha akaniomba msumari na waya, akaenda kurekebisha ua.